Ujauzito na upungufu wa kinga wa kuzaliwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikiwa mama anayehudhuria kliniki Nairobi, pamoja na watu wake wa nyumbani. Dozi zilizotajwa ni za kukusaidia kuzungumza na daktari, usijipimie mwenyewe.

## Mambo ya msingi

Upungufu huu ndio UKIMWI?

La. UKIMWI huletwa na virusi vinavyoingia mwilini kutoka nje na kuharibu seli T (seli nyeupe za kinga) za aina ya CD4. Upungufu wa kinga wa kuzaliwa hutokana na hitilafu ya jeni. Hauambukizwi kwa damu, kwa tendo la ndoa wala kwa kunyonyesha. Aina zilizotambuliwa zimepita 400, lakini wanawake wengi wanaofika umri wa kuzaa nao wana shida ya kingamwili (protini za damu zinazokamata vijidudu, zikiwemo aina za IgG, IgA na IgM): ama CVID, upungufu wa kingamwili wenye sura nyingi, ambapo IgG iko chini pamoja na IgA au IgM, ama ukosefu wa IgA peke yake, ambao wengi huishi nao bila kuujua.

Kwenye foleni ya kliniki ukisema tu "kinga yangu iko chini" utaeleweka vingine. Jina kamili la tatizo liandikwe kwenye kitabu chako cha Mama na Mtoto, ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa.

Kinga yangu ni dhaifu. Mimba itashika kweli?

Kwa wengi, itashika. Ukosefu wa kingamwili hauzuii yai kutunga wala mimba kujipandikiza. Kinachowasumbua mama hawa zaidi ni mapafu. Homa ya mapafu iliyorudi mara kwa mara huacha mirija iliyotanuka na kujaa makohozi, na mimba ya miezi minane ikisukuma kiwambo juu, pumzi hupungua. Kwa hiyo picha ya CT ya kifua na kipimo cha nguvu ya mapafu vifanywe kabla ya kushika mimba. Wakati huo huo dawa zote zipitiwe upya (tazama swali la dawa) na IgG iwe imetulia kwa miezi kadhaa.

Nimeambiwa IgG iko chini nikiwa tayari mjamzito. Ni ugonjwa?

Si lazima. Maji ya damu huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50 katika ujauzito, kwa hiyo IgG huonekana imeshuka kwa mama yeyote, na baadaye nyingine huvuka kwenda kwa mtoto. Seli B, zinazotengeneza kingamwili, nazo hupungua kidogo kwenye damu. Daktari ataangalia historia: homa za mapafu, usaha wa sikio au wa sainasi usiokoma, watu wa ukoo waliokufa wachanga. IgG iliyo chini sana, IgA ambayo karibu haipo na mwili ulioshindwa kujibu chanjo havielezwi na ujauzito. Matokeo ya katikati hurudiwa miezi michache baada ya kujifungua.

## Seli za kinga ndani ya mji wa mimba

Seli za NK zinaitwa seli za kuua. Haziwezi kumuua mtoto?

Jina hilo limewatisha wengi bure. Seli za NK za mji wa mimba si zile za kwenye damu. Katika miezi mitatu ya kwanza zinaweza kufikia asilimia 70 ya seli nyeupe zote zilizo kwenye utando wa mji wa mimba, na uwezo wao wa kuua ni mdogo. Kazi yao ni ujenzi. Hutoa kemikali zinazosaidia kulegeza kuta za mishipa midogo iliyojisokota inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma. Seli za kondo huingia kwenye kuta hizo, na mshipa uliokuwa mwembamba unabaki mpana, usiobana. Mishipa isipopanuka vya kutosha, mtoto hukua kwa shida na mama huwa katika hatari ya presha ya ujauzito inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba.

Seli hizo za kondo huonyesha alama za HLA-C, HLA-E na HLA-G, lakini huficha HLA-A na HLA-B, ambazo seli T hutumia sana kumtambua mgeni. NK husoma alama hizo na kutulia.

Aina chache za upungufu, kwa mfano ule wa jeni ya GATA2, hupunguza NK. Panya wasio na seli hizi huzaa, ingawa mishipa yao ya mji wa mimba haipanuki ipasavyo. Mama mwenye aina kama hiyo afuatiliwe presha, protini kwenye mkojo na ukuaji wa mtoto kwa skani, na aulize mapema kuhusu aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150 kwa siku, ambayo hufaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16.

Mimba zangu zimeharibika mara tatu. Nilipie kipimo cha NK kwenye damu?

Tungekushauri uiweke hiyo pesa. Idadi ya NK kwenye damu ya mkono haionyeshi zinachofanya NK za mji wa mimba, na hakuna tiba iliyothibitishwa inayofuata jibu la kipimo hicho. Mimba zikiharibika kwa kurudia, anza na kingamwili za fosfolipidi, dalundugu (thairoidi), sukari na umbo la mji wa mimba. Kupewa imunoglobulini (kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji damu) kwa ajili ya kuharibika kwa mimba ni jambo tofauti kabisa na kuipewa kwa sababu mwili hautengenezi IgG. La pili lina msingi imara, la kwanza halina.

Na seli T?

Zinazohusika hasa ni seli T za kutuliza. Huongezeka mapema katika ujauzito na kuzizuia nyingine zisiushambulie upande wa mtoto uliotoka kwa baba. Katika CVID ya kawaida kazi hii huwa haijavurugika sana. Katika hitilafu ya jeni ya CTLA4, seli hizo zipo lakini hazitulizi vizuri, na mwili hujishambulia: platileti (chembe za kugandisha damu) hushuka, matumbo huvimba, dalundugu husumbua. Mama huyo anahitaji daktari wa kinga na wa uzazi wanaowasiliana, si kila mmoja na faili yake.

Mimi ni mbebaji wa CGD. Si mgonjwa, sivyo?

Nusu ni kweli. Katika CGD, upungufu wa kurithi wa kinga, neutrofili (seli nyeupe zinazokula vijidudu) humeza kijidudu lakini hazina kemikali ya kukimaliza. Aina iliyo ya kawaida zaidi iko kwenye kromosomu X, na kwa mwanamke kila seli huzima X moja bila mpangilio. Mmoja hubaki na neutrofili nzima asilimia 60, dadake asilimia 5. Aliye chini ya asilimia 10 hivi anaweza kuugua kama mgonjwa mwenyewe. Wabebaji wengine hupata vidonda vya mdomo na vipele vinavyofanana na lupasi hata asilimia yao ikiwa nzuri. Kipimo kinaitwa DHR, na damu yake haistahimili kukaa: ulizia siku na saa ambazo maabara inaipokea kabla hujatolewa.

Seli zangu huvuka kuingia kwa mtoto?

Huvuka, chache, na za mtoto huvuka kuja kwako. Seli za mtoto zimewahi kupatikana kwenye damu ya mama miaka 27 baada ya kujifungua. Mtoto mwenye kinga nzima huzidhibiti za mama. Mtoto mwenye SCID, yaani upungufu mkali wa kinga wa kuzaliwa unaomwacha bila seli T zake, hawezi. Seli T za mama zikizaliana ndani yake zinaweza kuleta vipele na kuumiza ini, na baya zaidi, huongeza hesabu ya seli kwenye kipimo hadi mtoto aonekane mzima (tazama swali la BCG).

## Kingamwili na dripu

IgG humfikia mtoto vipi?

Hubebwa. Kwenye uso wa kondo la nyuma kuna kipokezi kiitwacho FcRn ambacho hushika IgG upande wa mama na kuiachia upande wa mtoto. Kazi huanza polepole karibu wiki ya 13, na sehemu kubwa hupita katika wiki nne za mwisho. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na IgG sawa na ya mama au zaidi. Aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 huwa amepata kidogo mno. IgA na IgM hazivuki.

IgG ya dripu ya imunoglobulini hubebwa vilevile. Kwa hiyo mama aliyeachwa bila dripu miezi ya mwisho, pengine kwa sababu "anaonekana yuko sawa", huzaa mtoto mwenye jeni nzuri lakini asiye na akiba. Akiba hiyo ndiyo ingemvusha hadi mwili wake uanze kutengeneza ya kwake.

Dozi ibadilishwe lini, na kwa kiasi gani?

Kawaida ni miligramu 400 hadi 600 kwa kila kilo ya uzito, kila wiki 3 au 4. Mama wa kilo 60 kwa miligramu 400 hupata gramu 24. Akifika kilo 70 miezi mitatu ya mwisho, hesabu ile ile inatoa gramu 28. Chupa huja za gramu 5 na 10, basi wengi hupandisha hadi 30. Njia nyingine ni kuacha dozi ilivyo na kupunguza muda, kutoka wiki 4 hadi 3.

Kipimo kinachoamua ni IgG iliyochukuliwa asubuhi ya dripu, kabla ya sindano kuingia. Lenga isishuke chini ya gramu 7 kwa lita. Mwenye mapafu yaliyoharibika hulenga juu zaidi. Angalia kizio kwenye karatasi ya maabara: 700 mg/dL na 7 g/L ni kitu kimoja, na watu wamewahi kushtuka bure kwa kulinganisha karatasi za maabara mbili. Kuanzia nusu ya ujauzito pima kila dripu. Panga mojawapo iangukie kati ya wiki ya 35 na 37, kwa kuwa nusu ya IgG huisha mwilini ndani ya wiki tatu hivi na hutaki uchungu ukukute mwishoni mwa mzunguko.

Siku ya dripu, nini huenda mrama?

Mara nyingi ni haraka. Chupa imetoka friji, mama anataka kuwahi matatu kabla ya msongamano wa jioni, muuguzi anafungua kasi. Baridi na kasi huleta kutetemeka, kichwa kuuma na mgongo kukaza. Chupa ikae nje hadi ipoteze ubaridi. Isitikiswe, maana hutoa povu. Anza na mililita 0.5 kwa kila kilo kwa saa (kilo 70 ni mililita 35 kwa saa) kwa nusu saa, kisha panda hatua kwa hatua kulingana na karatasi ya dawa. Gramu 30 za mchanganyiko wa asilimia 10 ni mililita 300. Tenga saa kadhaa. Kunywa maji ya kutosha tangu jana yake. Namba ya toleo la kila chupa inakiliwe kwenye faili.

Kama umenunua dawa mwenyewe, isafirishe kwa nyuzi 2 hadi 8 kwenye kisanduku cha barafu, chupa isigusane na barafu. Iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Stima ikipotea usiku mzima, mpigie mfamasia kabla ya kuitumia.

Maumivu ya kichwa baada ya dripu ni ya kawaida, lakini baada ya wiki ya 20 usiyasingizie dripu kabla ya kupima presha na protini kwenye mkojo. Tumia parasetamoli, si ibuprofeni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, nenda hospitali usiku huo huo: ujauzito huifanya damu kuganda upesi, na dripu huongeza.

Jambo moja husahauliwa. Baadhi ya dripu zina sukari ya maltosi, na mashine fulani za kupima sukari kwa kidole huisoma kama glukosi. Mama mwenye kisukari cha ujauzito apimwe kwenye maabara siku hizo.

Naweza kujidunga chini ya ngozi badala ya dripu?

Ndiyo, pale dawa inapopatikana. Dozi ni ndogo, takriban miligramu 100 hadi 150 kwa kilo kila wiki, na IgG haipandi na kushuka sana. Tumbo likikaza, hamia mapajani.

## Dawa, vipimo na chanjo

Dawa gani zisimamishwe?

Mikofenolati isimamishwe angalau wiki 6 kabla ya kushika mimba, na methotreksati isitumike kabisa. Vorikonazoli huathiri mtoto. Itrakonazoli huepukwa miezi mitatu ya kwanza. Doksisaiklini na siprofloksasini hubadilishwa. Azithromaisini ya kinga, azathioprini na haidroksiklorokwini kwa kawaida huendelea. Prednisoloni huvunjwa sana na kondo kabla ya kumfikia mtoto.

Kotrimoksazoli (Septrin) hupunguza kazi ya foliki, kwa hiyo mwanzo wa mimba na wiki za mwisho zinahitaji uamuzi wa daktari. Usiiache ghafla mwenyewe ikiwa ndiyo inayokukinga. Na ukienda nyumbani Kisumu, Busia au Pwani, ambako wajawazito hupewa SP ya kuzuia malaria, sema kwamba unameza kotrimoksazoli. Hizo mbili hazitumiwi pamoja. Tegemea chandarua.

Vipimo vya kliniki vya kwanza vitanidanganya?

Baadhi, ndiyo, kwa njia mbili zinazopingana. Kipimo cha haraka cha HIV hutafuta kingamwili. Mwili usiotengeneza kingamwili unaweza kutoa jibu la "hakuna" hata virusi vikiwepo, hivyo omba kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Upande wa pili, dripu hukuletea kingamwili za maelfu ya wachangiaji: kaswende, rubela, toksoplasma na kingamwili ya kiini cha hepatitisi B zinaweza kutokea "chanya" ilhali si zako. HBsAg ya hepatitisi B na kipimo cha haraka cha malaria hutafuta sehemu ya kijidudu, basi hivyo viko salama. Kwa kifua kikuu, sindano ya ngozi hutegemea seli T na inaweza kunyamaza. GeneXpert ya makohozi ni bora.

Mama wa rhesus hasi ambaye kipimo cha kingamwili kimebadilika baada ya dripu asinyimwe sindano yake ya anti-D (ya kuzuia mwili wake usishambulie damu ya mtoto) kabla ya daktari kuhakikisha kingamwili ile haikutoka kwenye chupa.

Chanjo ya pepopunda nichomwe?

Chomwa. Si hai, haina madhara, ingawa huenda mwili wako usijibu. Chanjo hai usipewe ukiwa mjamzito.

## Kujifungua na mtoto

Lazima nipasuliwe?

Hapana. Upungufu wenyewe si sababu ya upasuaji. Ila katika CVID wengu huweza kuvimba na platileti kushuka, na madaktari wengi wa ganzi hawachomi sindano ya mgongo platileti zikiwa chini ya 70 hadi 80 elfu. Hesabu ifanywe wiki ya 34 au 36, wakati bado kuna nafasi ya kutibu. Hospitali iwe na daktari wa ganzi na chumba cha watoto wachanga.

Mtoto atarithi?

Inategemea jeni. Ikiwa kwenye X na mama ni mbebaji, kila mwana ana nafasi nusu ya kuugua na kila binti nusu ya kuwa mbebaji. Ikihitaji nakala mbili, na wazazi wote ni wabebaji, ni robo kwa kila mimba. Ikihitaji nakala moja tu, na mzazi mmoja anayo, ni nusu. Wengi wenye CVID hawajapatikana na jeni moja, na watoto wao wengi huzaliwa wazima.

BCG apewe siku ya kuzaliwa kama watoto wengine?

Hili ndilo swali la kuamua kabla hujafika wadini, kwa sababu Kenya BCG na matone ya polio hutolewa mara tu baada ya kuzaliwa na muuguzi wa zamu hatakujua. BCG, chanjo ya kifua kikuu, ni bakteria hai. Kwa mtoto mwenye SCID au CGD inaweza kuenea mwili mzima. Polio ya matone (OPV) ni hatari kwa SCID na kwa mvulana asiye na seli B.

Kama ukoo una mojawapo ya haya, omba barua ya daktari ibandikwe kwenye kitabu: "BCG na OPV zisubiri." Mtoto wa mama aliyepewa rituksimabu (dawa inayoondoa seli B) katika nusu ya pili ya ujauzito pia asubiri, kwani dawa huvuka na kumwondolea seli B kwa miezi.

Kisha pima. Hesabu kamili ya damu ya mtoto, hata ya kitovu, ni ya bei nafuu: limfosaiti chini ya 2,500 kwa mikrolita ni kengele ya hatari. Lakini hesabu nzuri haitoshi, kwa sababu ya seli T za mama, kwa hiyo fuatisha kipimo cha CD3, CD4, CD8, CD19 na NK (alama za kuhesabu kila aina ya seli), pamoja na CD45RA, alama ya seli T changa zinazotoka kwa mtoto mwenyewe. Kwa CGD ni DHR. Usilipie IgG ya mtoto mchanga. Utakuwa unajipima wewe mwenyewe. Majibu yakiwa mazuri, BCG isicheleweshwe tena, maana kifua kikuu Nairobi kipo.

Ikiwa una CVID isiyo na jeni inayojulikana na hujatumia dawa za aina hiyo, kwa kawaida mtoto huchanjwa kwa ratiba.

Mtoto amepewa matone ya polio. Mimi nisiye na kingamwili niko salama?

Virusi vya chanjo hutoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa. Baba au shosho abadilishe nepi kipindi hicho, na mikono ioshwe kwa sabuni. Ya rota nayo ni hai, tahadhari ni ile ile, usimnyime mtoto.

Maziwa yangu hayana IgA. Ninyonyeshe?

Nyonyesha, miezi sita bila kingine. Kweli mtoto atakosa IgA ya maziwa, na dripu haiwezi kuirudisha. Lakini laktoferini, laisozaimu, sukari maalumu za maziwa na seli hai bado zimo, na maziwa ya kopo yanayochanganywa na maji ya mtungi yasiyochemshwa huleta kuhara haraka kuliko ukosefu wowote wa IgA. Isipokuwa moja: mtoto akishukiwa SCID na wewe una CMV, simama kwanza hadi majibu yatoke, kwa kuwa virusi hivyo hupita kwenye maziwa. Kamua ili yasikauke.

Sina IgA kabisa. Nikihitaji damu wakati wa kujifungua?

Wachache wasio na IgA hutengeneza kingamwili dhidi yake na kupata mzio mkali wanapopewa damu. Ukiwahi kupata hali hiyo, benki ya damu iarifiwe wiki kadhaa kabla ili iandae damu iliyooshwa, na adrenalini iwe karibu na kitanda. Wengine wote hupewa damu kama kawaida, na kutokwa damu nyingi kusicheleweshwe tiba kwa sababu ya IgA.